Lee Hoffman, Stensili Zake na Jarida la Kila Miaka Mitano: Jibu kwa Msomaji

Msomaji mmoja wa Tanga, ambaye amejitambulisha kuwa mchoraji wa katuni na mpenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba mwaka 2007 tuzo ya Hugo ya jarida bora la mashabiki ilipewa jarida lililokuwa likitoka mara moja tu kila baada ya miaka mitano, na kwamba mwanzilishi wake, Lee Hoffman, alikuwa amekwisha kufariki. Naomba unieleze alikuwa nani, kama alikuwa mhariri au mchoraji, aliishi kwa kitu gani ikiwa kazi yenyewe haikuwa na mshahara, na iliwezekanaje jarida la namna hiyo liyashinde yanayotoka kila mwezi."

Ndugu yangu, uliyoyasoma ni kweli. Jarida hilo liliitwa Science Fiction Five-Yearly, na jina lake halikuwa mzaha mtupu, kwa kuwa lilianza Novemba 1951 na toleo lake la kumi na mbili likatoka Novemba 2006. Hata hivyo, kabla sijafika huko, naomba unikubalie nianze na lile swali lako la mhariri au mchoraji, kwa sababu ndilo lenye ufunguo wa mengine yote. Wewe na mimi tumezoea dunia ambamo mhariri hukaa na maandishi, mchoraji hukaa na picha, na mpiga chapa hukaa na mashine. Katika fanzini, yaani majarida yaliyotolewa na mashabiki wenyewe, za miaka ya 1950 watu hao watatu walikuwa mtu mmoja, naye alikuwa pia tarishi, mtunza daftari la anwani na mfagiaji wa chumba baada ya wino kumwagika.

Neno "fanzini" lenyewe lilibuniwa mwaka 1940 na shabiki wa Marekani, Louis Russell Chauvenet, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la shabiki na la gazeti, lakini kitu chenyewe kilikuwako kabla ya jina. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha Amazing Stories, gazeti la kwanza la Kiingereza lililojitenga kwa hadithi za kisayansi pekee, naye alikuwa na desturi ya kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Matokeo yake hayakuwa magumu kubashiri: wasomaji waliacha kumwandikia mhariri, wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Mwezi Mei 1930 klabu moja iliyokuwa na makao yake Chicago ilitoa The Comet, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa fanzini ya kwanza, chini ya uhariri wa Raymond Palmer. Mwaka 1937 Donald Wollheim na John Michel walianzisha FAPA, chama ambacho kila mwanachama alichapisha kijarida chake, akapeleka nakala kwa msimamizi, naye msimamizi akazifunga zote katika furushi moja na kumtumia kila mwanachama mara nne kwa mwaka. Hakuna aliyelipwa katika mpango huo, wala hakuna aliyetarajia kulipwa.

Huo ndio ulimwengu alioukuta msichana mmoja wa Savannah, katika jimbo la Georgia. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Shirley Bell Hoffman, na alizaliwa Chicago tarehe 14 Agosti 1932. Jina alilojulikana nalo kwa wenzake lilikuwa Lee, jina ambalo Wamarekani huwapa wanaume na wanawake vilevile. Likumbuke hilo, maana litaleta kisa chake mbele. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka kama 18 na akisoma katika chuo kidogo cha pale Savannah, alianza kutoa fanzini aliyoiita Quandry, jina lililopungukiwa na herufi moja ukililinganisha na tahajia ya kamusi. Katika muda wa miaka mitatu hivi alitoa matoleo thelathini. Yapo magazeti yenye ofisi na waajiriwa ambayo hayakuwahi kufika idadi hiyo.

Sasa tuitazame mashine. Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa stensili ni nini, kwa sababu mitihani yetu ya majaribio shuleni ilipigwa kwa stensili, na mwalimu aliyeidurufu alijulikana kwa vidole vyake vyeusi. Kwa ajili yako uliyezaliwa baada ya fotokopi, nieleze kidogo. Stensili ni karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Mpigaji chapa huuondoa utepe wa wino usiguswe na herufi za taipureta, ili kila herufi ya chuma inapogonga ichane nta na kuacha tundu lenye umbo lake. Kisha stensili hufungwa juu ya silinda yenye wino ndani, na kila mpini unapozungushwa wino hupenya kwenye yale matundu na kutua juu ya karatasi inayopita chini yake. Kosa moja la herufi halifutwi kwa kifutio. Hupakwa dawa maalumu yenye harufu kali, hupulizwa mpaka ikauke, ndipo herufi hupigwa upya juu yake. Dawa hiyo iliheshimiwa na mashabiki kiasi kwamba waliigeuza kuwa mada ya utani usiokwisha.

Quandry ya kumi na tatu, iliyotolewa mwaka 1951 kuadhimisha mwaka mmoja wa jarida, ilikuwa na kurasa 100. Hebu tufanye hesabu ya mezani. Kurasa 100 ni stensili 100, na kila stensili imepigwa herufi kwa herufi. Tuseme nakala zilikuwa 150, kiasi cha kawaida kwa fanzini ya aina hiyo. Hapo karatasi ni 7,500 zilizochapwa pande zote mbili, yaani mizunguko 15,000 ya silinda, bila kuhesabu karatasi zilizonasa, zilizokunjamana na zilizotoka zikiwa zimechafuka mgongoni kwa sababu wino wa karatasi iliyotangulia ulikuwa haujakauka. Baada ya hapo kuna kuzipanga kurasa kwa kuzunguka meza, kuzibana kwa pini, kuandika anwani na kubandika stempu. Nimezungusha mpini wa mashine ya namna hiyo katika ofisi ya shule kwa muda wa asubuhi moja, na bega langu lilinikumbusha jambo hilo kwa siku mbili. Ndiyo maana huwa siwaamini sana wanaosema kwamba fanzini zilikuwa mchezo wa kupoteza wakati.

Hapa ndipo uchoraji unapoingia, nami nakuomba wewe mchoraji uusome ukurasa huu kwa makini. Katika majarida yanayochapwa kwa mitambo mikubwa, picha huchorwa juu ya karatasi, kisha hupigwa picha na kugeuzwa kuwa bamba. Fanzini haikuwa na fedha za kazi hiyo. Picha ilichorwa moja kwa moja juu ya nta kwa kalamu ya chuma isiyo na wino, huku stensili ikiwa imelazwa juu ya kioo kilichomulikwa kwa taa kutoka chini ili mkono uone unakokwenda. Ukikandamiza mno, nta huchanika na kipande cha picha hudondoka. Ukilegeza mkono, mstari hautoki. Ukijaribu kujaza eneo kubwa kwa weusi, unatoboa dirisha ambalo wino wote utapitia, na nakala ya kumi itakuwa doa tupu. Vivuli vilitiwa kwa kuweka kibao chenye vijinundu chini ya stensili na kusugua juu yake. Hapakuwa na kujaribu mara ya pili, labda kwa ile dawa yenye harufu.

Tafsiri yake katika sanaa ni kwamba stensili ilimchagua mchoraji wa namna yake. Mtu aliyetegemea vivuli vizito na mandhari kubwa aliaibika. Aliyefaulu ni yule aliyeweza kumaliza mzaha kwa mistari sita au saba, katika nafasi isiyozidi kidole gumba, pale ambapo makala yameisha kabla ya ukurasa kuisha. Lee Hoffman alikuwa na vijitu vyake, alivyoviita Lil Peepul, viumbe vidogo vya mistari myepesi vilivyokuwa vikizurura pembezoni mwa maandishi na kuyatia maneno. Sidhani kama angevichora hivyo kama angekuwa na kiwanda cha uchapaji mikononi. Lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga maandishi, aliona nafasi iliyobaki kabla mtu mwingine yeyote hajaiona, na kwa kuwa yeye ndiye mchoraji, aliijaza papo hapo, stensili ikiwa bado juu ya meza. Hapo ndipo swali lako la mhariri au mchoraji linapokosa pa kusimama: kijitu kile kilikuwa ni uamuzi wa kihariri uliofanywa kwa kalamu ya chuma.

Nisimsifu kupita kiasi. Kama swali lingekuwa ni nani mchoraji bora wa fanzini wa kizazi chake, nisingemtaja yeye kwanza. William Rotsler wa California alikuwa na mkono mwepesi kuliko wake, alizigawa picha zake kwa wahariri wengi mno, na alipata Hugo ya mchoraji shabiki mara kadhaa, ikiwamo ya mwaka 1997, mwaka aliofariki. Uingereza walikuwa na Arthur Thomson, aliyetia saini ya ATom. Tena tuzo ya wachoraji mashabiki ilianza kutolewa mwaka 1967, wakati ambapo Quandry ilikuwa imekwisha kufungwa miaka mingi. Ukubwa wa Hoffman haukuwa katika mstari mmoja mmoja. Ulikuwa katika kuufanya ukurasa mzima ucheke pamoja.

Umeuliza alipata nini. Jibu la wakati ule, ambalo kila shabiki alilijua, ni kwamba alipata barua. Fanzini ilikuwa na bei iliyoandikwa, lakini bei hiyo haikufidia hata karatasi, na wengi hawakuilipa. Ulipata nakala kwa kutuma fanzini yako ikabadilishwa na yake, kwa kutuma makala au picha, au kwa kuandika barua ya maoni yenye uzito. Anayeishi pwani yetu ataelewa upesi nikisema kwamba fanzini ni baraza. Mwenye nyumba hatozi kiingilio. Anatoa kahawa, anaweka kete, na malipo yake ni watu kuja na maneno yao. Lakini baraza si jiwe tu. Mabaraza mawili ya mtaa mmoja, yenye kahawa ileile, moja hujaa kila jioni na lingine hukaliwa na paka, na tofauti ni mwenyeji. Hoffman alikuwa mwenyeji. Alijua nani akae karibu na nani, na utani upi ukatwe kabla haujageuka ugomvi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Walt Willis. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa akichapa fanzini yake, Slant, kwa mashine ndogo ya mkono, herufi za risasi zikipangwa moja baada ya nyingine, na picha zikichongwa na rafiki yake James White, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi. Hoffman alimpa Willis safu ya kudumu katika Quandry, na kupitia safu hiyo Wamarekani wakampenda mtu ambaye hawajapata kumwona. Shabiki mwingine, Shelby Vick wa Florida, akaanzisha mchango wa kumleta Willis Marekani, na mwaka 1952 Willis akavuka bahari na kuhudhuria mkutano mkuu wa dunia wa hadithi za kisayansi uliofanyika Chicago. Kutokana na safari hiyo ukazaliwa mwaka 1953 mfuko wa kudumu, TAFF, ambao mpaka leo huwapeleka mashabiki kutoka upande mmoja wa Atlantiki hadi mwingine kwa kura na michango ya wenzao. Stensili chache za msichana wa Savannah zilikuwa na mkono katika jambo hilo, ingawa yeye si mwanzilishi wa mfuko.

Na sasa kile kisa cha jina. Kwa kuwa wengi wa mashabiki wa wakati ule walikuwa wanaume, na kwa kuwa Lee ni jina la pande zote mbili, waandikiani wake walichukulia bila kuuliza kwamba mhariri wa Quandry ni kijana wa kiume. Yeye hakuharakisha kuwasahihisha. Mwaka 1951 mkutano mkuu wa dunia ulifanyika New Orleans, mahudhurio hayakufika watu 200, na wengi wao walimfahamu Lee Hoffman kwa maandishi yake. Alipojitokeza mwenyewe, msichana mdogo wa umri wa miaka 19, mshangao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kisa hicho kimesimuliwa tena na tena katika historia za mashabiki zilizoandikwa baada ya hapo. Kwangu mimi, uzito wake ni kwamba sifa yake ilikuwa imekwisha kujengwa na kurasa pekee, mwaka mzima, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kumpunguzia alama au kumwongezea kwa sababu ya jinsia yake. Wapo walioupindua mchezo huohuo: miaka michache baadaye Joan Carr, mwanajeshi wa kike aliyepata umaarufu katika fanzini za Uingereza na kushiriki kuanzisha jarida la mashabiki wanawake, aligundulika kuwa ni sajini wa kiume aliyekuwa akitumikia jeshi la Uingereza huko Mashariki ya Kati. Lakini huyo alidanganya kwa makusudi na kwa muda mrefu. Hoffman aliwaacha watu wadanganywe na dhana zao wenyewe.

Miezi miwili baada ya New Orleans, Novemba 1951, alitoa toleo la kwanza la Science Fiction Five-Yearly. Ili uuelewe mzaha wake, ujue kwamba ugonjwa mkuu wa fanzini ni ratiba. Kila mhariri mpya hutangaza kwamba jarida lake litatoka kila mwezi, toleo la pili huchelewa miezi mitatu, na la tatu halionekani. Hoffman, ambaye wakati huo alikuwa akitoa Quandry karibu kila mwezi, akatangaza jarida la kila miaka mitano, na akaliwekea hata hadithi ya mfululizo, ili msomaji aachwe njia panda mwishoni mwa sura na kusubiri nusu muongo kujua kilichofuata. Aliyeiandika hadithi hiyo ni Harlan Ellison, wakati huo kijana machachari aliyekuwa bado hajawa mwandishi mwenye jina, naye aliliandika jina lake kinyumenyume. Mzaha wa aina hii kwa kawaida hufa pale unapotamkwa. Huu haukufa, kwa sababu Novemba 1956 ilipofika, toleo la pili lilitoka. Kisha 1961. Kisha 1966. Sijui kama kuna jarida lingine lililocheka kwa uso mkavu kwa muda mrefu namna hiyo.

Quandry yenyewe ilifungwa mwaka 1953. Hilo nalo ni jambo la kawaida katika maisha ya wahariri wa namna hii. Asiyelipwa hana anayemzuia kuacha. Mwaka 1956 Hoffman aliolewa na Larry Shaw, mhariri wa magazeti ya kulipwa ya hadithi za kisayansi mjini New York, na kwa miaka hiyo miwili mitatu alifanya kazi kama mhariri msaidizi katika magazeti ya mumewe, mojawapo likiwa Infinity. Ndoa iliisha mwaka 1958. Wakati huohuo alikuwa amevutwa na vijana wa New York waliokuwa wakiziimba upya nyimbo za jadi za Marekani kwa magita na banjo, akafanya kile alichojua kufanya: mwaka 1957 akaanzisha fanzini kwa ajili yao, Caravan, na baada ya hiyo akatoa nyingine iliyoitwa Gardyloo. Mwimbaji Dave Van Ronk aliandika katika Caravan kwa jina la bandia. Anayeisoma Caravan leo kwa ajili ya historia ya muziki huenda akashangaa ilikotoka tabia yake ya kubishana na wasomaji, kuchapisha barua zao na kujitania yenyewe. Haikutoka katika muziki. Ilitoka Savannah, katika mfuko wa mtu aliyekwisha kuzungusha mpini mara nyingi.

Nifike kwenye riziki, maana najua ndipo roho yako ilipo. Fanzini haikumlisha hata siku moja. Kilichomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake ni riwaya, na wala si za kisayansi. Alipenda farasi tangu utotoni, na mwaka 1966 kampuni ya Ace, ambako Donald Wollheim, yule mwanzilishi wa FAPA, alikuwa mhariri, ilitoa riwaya zake za kwanza za kikauboi. Mwaka 1967 alitoa The Valdez Horses, iliyopata tuzo ya Spur, tuzo ya waandishi wa riwaya za Magharibi ya Marekani, na ambayo mwaka 1973 iligeuzwa kuwa filamu, mhusika mkuu akiigizwa na Charles Bronson. Aliandika pia riwaya nne za kisayansi kati ya 1967 na 1972, ikiwamo The Caves of Karst, na baadaye riwaya za mapenzi zenye mandhari ya kale kwa jina la Georgia York. Ninakuomba uone mpangilio wa mambo hayo: miaka kumi na sita ilipita kati ya stensili ya kwanza na riwaya ya kwanza, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza bila mwalimu namna sentensi inavyokaa ukurasani, namna mzaha unavyokatwa, na muda ambao msomaji anaweza kuvumilia kabla ya kugeuza karatasi. Wapo wanaosema kwamba fanzini ni ngazi ya kufikia uandishi wa kulipwa. Kwake yeye sioni ngazi, kwa sababu baada ya kufika juu hakuitupa: mwandishi mwenye tuzo ya Spur aliendelea kutoa jarida lake la kila miaka mitano bila kulipwa senti, na mwaka 1982, mkutano mkuu wa dunia ulipofanyika Chicago, alialikwa kama mgeni wa heshima kwa upande wa mashabiki, wala si kwa upande wa waandishi.

Basi lilishindaje? Kuna jibu la kikanuni na kuna jibu la kibinadamu. La kikanuni ni kwamba Hugo hupigiwa kura na wanachama wa mkutano mkuu wa dunia wa mwaka husika, na kanuni ya jarida la mashabiki ilitaka liwe na angalau matoleo manne tangu kuanzishwa kwake, na angalau moja kati ya hayo liwe limetoka katika mwaka uliotangulia. Haikutaka litoke kila mwezi wala kila mwaka. Jarida lenye matoleo kumi na mawili, la mwisho likiwa la Novemba 2006, lilitimiza masharti yote kwa ajili ya kura ya 2007. Ila uone pia upande wa pili wa kanuni hiyo: kwa jarida la aina yake, mlango ulifunguliwa mwaka mmoja tu katika kila mitano, na likikosa mwaka huo lilikaa nje mitano mingine.

Jibu la kibinadamu linataka uangalifu, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba walimpa kwa huruma. Sikatai kwamba kumbukumbu ilipiga kura pamoja na watu. Lakini kwa miongo yake ya mwisho Hoffman hakulibeba jarida peke yake. Alilitoa kwa kushirikiana na mashabiki wadogo kwake, na toleo la kumi na mbili lilihaririwa naye pamoja na Geri Sullivan na Randy Byers, ambao majina yao yamo katika tuzo kama lilivyo lake. Hawa walikuwa wakitoa fanzini zenye ubora kwa mikono yao wenyewe. Wachoraji na waandishi waliochangia walijua miaka mitano kabla kwamba zamu yao itafika, na mtu aliyepewa miaka mitano ya kufikiri hana kisingizio cha kuleta kazi ya haraka. Jarida la kila mwezi hupigiwa kura kwa wastani wake. Hili lilipigiwa kura kwa toleo moja lililoandaliwa kama karamu.

Toleo hilo lilitoka katika mwezi wake, kama yale kumi na moja yaliyotangulia. Lee Hoffman alifariki tarehe 6 Februari 2007 huko Port Charlotte, Florida, akiwa na miaka 74. Mkutano mkuu wa mwaka huo ulifanyika Yokohama, Japani, na huko ndiko jina la jarida lake liliposomwa.